Geuza Hicho Kinyago

Kama umewahi kuzunguka Maasai Market pale Nairobi, unalijua hilo jiwe. Kiboko mdogo wa rangi ya waridi, sahani nyeupe yenye twiga, wapenzi wawili wamekumbatiana mpaka wamekuwa mtu mmoja. Muuzaji atakwambia ile familia iliyoshikana mikono ni ishara ya kale ya umoja wa Kiafrika. Mimi pia niliamini. Kumbe la kale ni jiwe. Maelezo ni ya juzi tu.

Jiwe linatoka Tabaka, Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii. Tunaliita jiwe la sabuni vile ukiligusa linateleza, na ni laini, hata kisu kinalichonga. Kuna jeupe, la waridi, la kijivu, la manjano. Wanaume wanashuka mashimoni na sururu na mitaimbo, kazi ya mikono tupu. Mchongaji anatoa umbo kwa panga, anamalizia kwa kisu. Halafu sanamu inaenda kwa kina mama: wanaisugua kwa msasa na maji, inakaushwa, inapakwa nta mpaka ing'ae.

Zamani Abagusii walichonga vitu vya nyumbani. Kiko cha tumbaku, bakuli, bao la kuchezea. Twiga alikuja na mtalii.

Ukitaka hekaya ya kweli, toka Tabaka upande Manga, ule mwamba mrefu kati ya Kisii na Nyamira. Huku wazee wanasimulia habari za Sakawa, nabii aliyetabiri kuja kwa wazungu. Wanasema alizunguka Getembe akionyesha: hapa patakuwa hospitali, hapa polisi. Leo Getembe ndiyo Kisii mjini. Mwaka 1907 Waingereza wakafungua kituo chao hapo. Januari 1908 Otenyo akamchoma mkuki mkuu wao, Geoffrey Northcote. Northcote alipona, jeshi likaja, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa.

Kwa hivyo jina la nabii tunalo. Jina la mwenye mkuki tunalo. Hata la mzungu aliyechomwa tunalo. Sasa chukua yule kiboko wako, mgeuze. Chini kumeandikwa nini? Mara nyingi ni "Kenya", ama hakuna kitu.

Mmoja alivuka. Elkana Ong'esa, mtoto wa Tabaka, sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Jina lake linajulikana, na kazi yake inaheshimiwa kama sanaa. Majirani zake wanachonga jiwe lilelile na kazi yao inaitwa zawadi ya safari. Inanunuliwa kwa bei ya kutupa, inapita mikono mitatu minne, na kila mkono unaongeza chake. Vumbi linabaki Tabaka. Mashimo pia, na mvua ikinyesha sana, kingo zake hubomoka.

Na jiwe halimei tena kama mgomba. Likiisha, kitakachobaki ni hizo sanamu zilizotawanyika kwenye rafu za watu duniani, bila jina la mtu. Hakuna Sakawa atakayekuja kutuonyesha ni nani alichonga ipi.

Siku nyingine ukinunua, muulize muuzaji: nani alichonga? Akikujibu, omba kalamu, uandike jina hapo chini.