Maisha ya Bwenini katika Shule ya Wavulana ya Tabora

Aghalabu historia ya shule huandikwa kwa majina ya wakuu wake na hesabu ya wanafunzi waliofaulu mitihani. Sisi tunapenda hapa kuitazama Shule ya Wavulana ya Tabora kwa upande mwingine, yaani upande wa bweni, jiko, uwanja na shamba. Huko ndiko vijana walikoishi saa nyingi kuliko darasani, na huko ndiko walikojifunza kukaa pamoja na watu wasiowajua.

Shule hiyo ilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1920, na kusudi lake la kwanza halikuwa kuelimisha umma. Ilikusudiwa hasa watoto wa machifu, ili waje kuwa watawala wasaidizi katika mfumo wa kutawala kwa kupitia machifu, ambao Gavana Donald Cameron aliusimika baada ya kufika nchini mwaka 1925. Mfano uliofuatwa ulikuwa ule wa shule za bweni za makabaila wa Uingereza: mabweni yenye kushindana, michezo ya jioni, kengele kwa kila tendo, na viranja wenye mamlaka juu ya wenzao. Wako waliokuwa wakiifananisha kabisa na Eton.

Katika mpango huo nguzo ilikuwa kiranja. Mwalimu alikwenda zake nyumbani jua likitua, lakini kiranja alilala humo humo bwenini. Ndiye aliyehesabu wenziwe, aliyepanga zamu za usafi, na aliyesimama karibu na sufuria wakati wa mgao. Hatuoni haja ya kuyapamba mambo haya. Katika shule nyingi za bweni nchini, wakati wa ukoloni na hata baadaye, kijana wa kidato cha kwanza alimfulia mkubwa wake nguo na kumchotea maji, akavumilia kwa kuwa alijua zamu yake ya kufuliwa ingefika. Mtu aliyezoea kuonewa kwa utaratibu huweza kuonea kwa utaratibu, tena bila kuona haya. Huo nao ulikuwa urithi wa mfano ule wa kigeni, ingawa lazima tukiri kwamba jando letu nalo halikukosa wakubwa wakali.

Walakini mpango wa wakoloni haukuzaa walichokipanda. Nafasi zilipofunguliwa kwa vijana wenye uwezo, mtoto wa chifu na mtoto wa mtu wa kawaida walilala vitanda jirani. Julius Nyerere, mwana wa chifu wa Wazanaki, alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe, alipita hapo. Na Rashidi Kawawa, ambaye hakutoka katika ukoo wa kichifu, alifika baadaye kutoka Songea. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria. Serikali iliyoyafuta iliongozwa na wanafunzi wa zamani wa shule iliyojengwa ili kuyaimarisha.

Kwa kulinganisha, ni vema tukumbuke jaribio lililofanyika Malangali, katika nyanda za Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1920. Mkuu wa shule, Mwingereza W. B. Mumford, alitaka shule ifuate mila za wenyeji. Wazee waliitwa kufundisha desturi, vijana wakacheza ngoma na kutupa mikuki. Jaribio halikudumu. Kwa maoni yetu kosa lake halikuwa kupenda ngoma, bali kuamuru ngoma. Mila iliyopangwa na mtawala katika ratiba, kati ya hesabu na chakula cha mchana, ilikuwa imekwisha kutolewa mikononi mwa wenyewe.

Tabora hakuna aliyehitaji kuamuru. Vijana walikuja na mila zao ndani ya masanduku. Mji wenyewe uko Unyamwezi, na Wanyamwezi wana utani wa tangu enzi za misafara ya pwani. Safari zile ndizo zilizowafanya kuwa watani wa Wazaramo na makabila mengine ya njiani. Utani ni chombo chepesi mno kwa bweni. Unamruhusu mgeni kumtukana mwenyeji bila ugomvi, na mwenyeji kumnyang'anya mgeni kitu chake kwa kicheko. Darasani walisema Kiingereza, bwenini wakataniana kwa Kiswahili, maana hiyo ndiyo lugha pekee ambayo kijana wa Bukoba na wa Lindi waliweza kutaniana kwayo.

Baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa Machi 1967, jembe liliingia rasmi katika ratiba za shule zote. Hapo Wasukuma walikuwa na la kufundisha, kwa kuwa ngoma yao ya bugobogobo huchezwa na majembe yenyewe na imetokana na kazi ya kulima kwa pamoja. Zikaja pia ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza kwa kupitia chama cha UKUTA, na mchakamchaka wa alfajiri kwa nyimbo. Tamthilia nazo zilipata Kiswahili chake: Nyerere alitoa tafsiri ya Shakespeare mwaka 1963, na nyingine, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Shamba lenyewe, tuseme kweli, lilikuwa na taabu yake. Mvua za Tabora huanza mnamo Novemba, ilhali Desemba wanafunzi walikwenda likizo. Palizi iliwasubiri au haikumsubiri mtu. Na palipokuwa na mwalimu aliyegeuza jembe kuwa adhabu ya watoro, vijana walilichukia mapema kuliko walivyojifunza kulitumia.

Tangu mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari umeongeza sana shule za kata, ambazo nyingi ni za kutwa. Watoto wengi wamepata nafasi ambayo baba zao hawakuipata, na hatuna sababu ya kulilia bweni lenye kunguni na maharage ya kila siku. Lakini mwalimu wa shule ya kata anayetaka kufundisha utani atakuta darasa zima limetoka vijiji vitatu. Mzaramo wa kumtania hayupo. Itambidi aanze na mdahalo, au mechi na shule ya wilaya nyingine, wageni wakilala usiku mmoja kwenye madarasa na wenyeji wakiwapikia.