Mguu Unaovimba na Mguu Usiovimba: Fumbo la Matende Delta ya Rufiji

Kingatiba ya matende na mabusha nchini Tanzania ilianza mwaka 2000 kisiwani Mafia. Baadaye vidonge vya ivermectin na albendazole vikafika Rufiji, hadi vijiji vya mikokoni kama vya kata ya Salale, ambayo leo iko wilaya ya Kibiti. Mtu mzima wa afya akipewa vidonge vya ugonjwa asiouona mwilini mwake, ana haki ya kuuliza sababu.

Pwani busha limesingiziwa madafu tangu zamani, na matende yakasingiziwa uchawi. Mwaka 1877 Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa Amoy, China, aliona vijinyoo vya ugonjwa huo vikikua ndani ya mbu. Lakini ikiwa mbu ndiye msambazaji, nyumba moja, mbu wale wale: kwa nini mmoja avimbe mguu, na mwenzake awe na vijinyoo tele katika damu bila dalili yoyote?

Jibu lilitoka kwenye kinga ya mwili. Mwaka 1986 Tim Mosmann na Robert Coffman walieleza kwamba seli T saidizi zina makundi mawili, kila kundi na saitokini zake, yaani protini ambazo seli hutumia kuamrishana. Mwaka 1989 ikatambuliwa saitokini ya kupoza mashambulizi, interleukini-10. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani akaonyesha seli T za udhibiti, zinazozizuia nyingine zisiushambulie mwili. Mwaka 2025 akatunukiwa Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Mnyoo wa matende huishi kwa kuutumia utulivu huo. Huchochea interleukini-10 na seli hizo za udhibiti, kinga ikapoa, nao ukadumu miaka. Kwa wengine kinga haikubali kupozwa. Hushambulia kwa nguvu, na mashambulizi hayo huchangia kuharibu mishipa ya limfu, mguu ukavimba. Aliyevimba, basi, ni mtu ambaye mwili wake umepigana. Aibu aliyobebeshwa ni dhuluma.

Wala asiyevimba hayuko salama. Utafiti wa Kyela, Mbeya, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba wenye mnyoo huo walipata VVU takriban mara mbili ya wasio nao.

Rufiji, hata baada ya awamu 12 za kingatiba, watafiti waliochapisha kazi yao 2018 bado walikuta maambukizi. Mbu hupata vijinyoo kwa watu ambao damu yao imejaa vijinyoo, na wengi wa watu hao hawana dalili; ndiyo sababu hata asiyeuona ugonjwa mwilini mwake hupewa vidonge.