Vichwa vya Treni na Abiria wa Kampala: Historia ya Uhaba, 1931–2024

Asubuhi ya siku ya kazi, treni ya abiria huingia stesheni ya Kampala ikitokea Namanve. Njiani husimama Namboole, Kireka na Nakawa, ikichukua wafanyakazi, wachuuzi na sisi wanafunzi ambao vinginevyo tungekwama kwenye msongamano wa magari wa barabara ya Jinja. Kila inapojaa, wenzangu huuliza swali lilelile: kwa nini isiongezwe nyingine? Kwa nini isiende pia Kyengera, upande wa magharibi, ilhali reli ipo?

Jibu tulilozoea kusikia ni kwamba reli yenyewe ni kuukuu. Lina ukweli, lakini halitoshi. Katika insha hii ninadai kwamba huduma ya abiria Kampala imepanuka na kusinyaa kwa kufuata idadi ya vichwa vya treni vilivyo hai, na kwamba kila vilipopungua, mizigo ndiyo iliyopewa vile vilivyobaki. Abiria amekuwa wa kwanza kushushwa.

Tuanze na asili yake. Reli ya Uganda haikuanzia Uganda. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu, iliyoitwa wakati huo Port Florence, mwaka 1901. Wajenzi walichagua reli ya upana wa mita moja, kipimo kilichokuwa kikitumika sana India. Uchaguzi huo ulirahisisha kuleta kutoka huko vibarua na mafundi zaidi ya 30,000, pamoja na vifaa na hata vichwa vilivyokwisha kufanya kazi. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo reli yetu iliendeshwa kwa vyombo vilivyotengenezwa mbali, na vingine vilikuwa vimetumika kwingine kabla ya kutufikia.

Abiria wa Kampala wa zama hizo alishuka Kisumu, akapanda meli kama Winifred au Clement Hill, akavuka ziwa hadi Port Bell. Mambo yalibadilika mwaka 1931, baada ya daraja la Nile kukamilika Jinja. Treni kutoka Mombasa ikafika Kampala moja kwa moja. Waganda wakaiita eggaali y'omukka, tafsiri kamili ya gari la moshi la Waswahili. Jina hilo lingali midomoni mwa watu mpaka leo, ingawa moshi wa makaa ulikwisha zamani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, uhaba wa vichwa ukawa tatizo la Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika chini ya shirika moja la reli na bandari. Shehena zilikuwa zikirundikana Mombasa kuliko uwezo wa treni kuzibeba. Shirika liliagiza vichwa 34 vikubwa vya aina ya Garratt, daraja la 59, kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Vilianza kufika mwaka 1955, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Vilikuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote duniani katika reli za upana wa mita moja. Lakini tuangalie vilinunuliwa kwa sababu gani: kuondoa mrundikano wa mizigo bandarini. Abiria alinufaika pembeni tu.

Hata hivyo, miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya neema kwa msafiri wa Uganda. Njia ya magharibi ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na ile ya kaskazini ikafika Pakwach mwaka 1964. Treni za abiria zilifuata njia hizo. Naona sababu moja kubwa ya neema hiyo: vichwa, mabehewa na vipuri vilikuwa mali ya pamoja. Kichwa kikiharibika Kampala, kingine kiliweza kutolewa Nairobi au Eldoret, na kile kibovu kikapelekwa kwenye karakana kuu ya Nairobi.

Mfumo huo ulianza kulegea mapema miaka ya 1970. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90. Baadhi yao walisafiri kwa treni kutoka Kampala hadi Mombasa kwenda kupanda meli. Pamoja nao waliondoka mafundi na makarani ambao familia zao zilikuwa zimefanya kazi relini kwa vizazi. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na kila nchi ikaunda shirika lake la reli.

Mgawanyo huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo uhaba wa Kampala wa leo ulipozaliwa. Mali za Jumuiya zilisuluhishwa na Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, na mkataba ukatiwa saini mwaka 1984. Kenya ilipangiwa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa sawa. Lakini reli haigawanyiki kama fedha benki. Karakana kuu ilikuwa Nairobi na bandari ilikuwa Mombasa. Zote zikabaki Kenya kwa kuwa haziwezi kuhamishwa. Uganda ilirithi reli ndefu, vichwa ambavyo haikuwa na pa kuvifanyia matengenezo makubwa, na nchi iliyokuwa ikiingia vitani. Baadaye karakana ya Nalukolongo ilijengwa Kampala kwa msaada wa Ujerumani, na vivuko vya kubeba mabehewa, Kabalega, Kaawa na Pamba, vikaingia ziwani katika miaka ya 1980. Hizi zilikuwa juhudi za kweli. Lakini vivuko vilibeba mabehewa ya mizigo, na Kabalega ikazama mwaka 2005 baada ya kugongana na Kaawa.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, treni za abiria zilikuwa zimesimama Uganda. Reli ya kwenda Kasese ikaanza kumezwa na nyasi. Tunaweza kudhani kwamba abiria ndio walioihama treni kwa sababu mabasi yalikuwa ya haraka zaidi. Ni kweli mabasi yalishindana nayo. Lakini treni yenye vichwa vichache huchelewa, na abiria humkimbia mchelewaji. Kupungua kwa abiria kulikuwa matokeo ya uhaba kabla ya kugeuzwa kuwa kisingizio cha kuwaacha.

Ushahidi wangu mkubwa ni mkataba wa mwaka 2006, ambapo reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa miaka 25. Wajibu wa kusafirisha abiria uliwekwa upande wa Kenya. Upande wa Uganda, biashara iliyokabidhiwa ilikuwa mizigo. Kampuni hiyo baadaye ilinunua Marekani vichwa 20 vya General Electric vilivyotumika na kukarabatiwa, navyo vilikuwa vya kuvuta shehena. Abiria wa Kampala hakusahauliwa kwa bahati mbaya. Hakuwemo katika hesabu.

Hapa lazima niutendee haki upande wa pili. Msimamizi wa reli mwenye kichwa kimoja na maombi mawili hafanyi uamuzi kwa chuki. Makontena kutoka Mombasa hulipa zaidi, na fedha hizo ndizo zinazonunua mafuta na vipuri. Nauli ya mchuuzi wa Kireka hailipi gharama hiyo bila ruzuku. Tukimtaka msimamizi huyo abebe abiria kwanza, tuseme pia nani atalipa tofauti. Lakini hoja hiyo inahesabu mapato ya reli peke yake. Haihesabu saa zinazopotea barabarani, wala mafuta yanayoteketea kwenye foleni ya teksi, wala majeruhi wa boda boda hospitalini. Gharama hizo jiji linalipa, ila haziandikwi kwenye daftari la reli.

Desemba 2015 treni ya abiria ilirudi, kati ya Kampala na Namanve, asubuhi na jioni. Mkataba wa kampuni ulipovunjwa, Shirika la Reli la Uganda lilichukua tena njia mwaka 2018 na kuendelea na huduma hiyo. Baadaye vichwa vinne vilinunuliwa Afrika Kusini, lengo kubwa likiwa shehena. Mwaka 2023 treni ya abiria ilisimamishwa kupisha ukarabati wa njia ya Kampala hadi Mukono, ikarejea mwaka 2024. Reli ikawa mpya zaidi, lakini kwa msafiri mambo hayakubadilika sana, kwa sababu reli mpya bila vichwa vya kutosha ni barabara nzuri isiyo na basi.

Majirani zetu wamelikabili tatizo hilohilo. Dar es Salaam ilianzisha treni ya jijini Oktoba 2012, ikaitwa na wananchi treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi. Ilianza kwa vichwa na mabehewa yaliyokarabatiwa, ndani ya mashirika ambayo yenyewe yalikuwa na upungufu. Nairobi ilichagua njia nyingine. Mwaka 2020 ilileta treni 11 zilizotumika kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania. Treni hizo zina injini ndani ya mabehewa yenyewe, hivyo hazihitaji kichwa cha kuzivuta. Funzo ninalolipata liko hapo: treni kama hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye makontena siku ya shida. Abiria anakuwa na chombo chake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na abiria wa Kampala amevaa ya kuazima kwa muda mrefu.

Kwa kumalizia, Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, wa kujenga reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala, kilomita zipatazo 272. Mjadala chuoni umekuwa juu ya urefu, gharama na mikopo. Historia niliyoieleza inanifundisha kuuliza maswali mengine kwanza. Ni treni ngapi zitakuwa za abiria peke yake? Zikiharibika, zitatengenezwa wapi na mafundi waliofunzwa wapi? Na mwaka mambo yatakapokuwa magumu, ni maandishi gani yatakayozuia abiria kushushwa tena? Mwaka 1931 treni ilifika Kampala bila maswali hayo kujibiwa. Sisi tunaosoma historia yake hatuna udhuru huo.