Maji Hayajui Mpaka wa Jumbe

Wazee wetu walipopanda juu ya uwanda wa Newala hawakufuata maji, walikimbia vita. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi wakachukua mateka, hata misheni ikahamia Newala kwa Matola. Juu kulikuwa na vichaka vizito vya kuficha watu, lakini mito haikuwako. Wanawake walishuka bondeni na mitungi, wakapanda tena mlima na mzigo kichwani.

Serikali ya Waingereza ilipoweka Sheria ya Serikali za Wenyeji mwaka 1926, watawala wa wenyeji walipewa amri ya kutoa maagizo katika nchi zao, hata kukataza watu wasichafue maji. Lakini agizo la mtawala lilikoma mpakani, na maji hayakukoma. Basi katika miaka ya 1950 likaundwa Shirika la Maji la Makonde, ili kusukuma maji kwa mashine kutoka bondeni na kuyauza juu. Hapo maji yalipata chombo chake, mbali na kiti cha jumbe.

Maji yaliyopungua juu huzidi chini. Mvua ya uwanda huteremka Lukuledi upande mmoja na Ruvuma upande wa pili, ikibomoa kingo na kufunika mashamba. Kwa hiyo mwaka 1981 nchi iligawiwa mabonde 9 kwa kufuata njia za maji, wala si mipaka ya wilaya; na sheria ya mwaka 2009 ikazipa nguvu Bodi za Maji za Mabonde. Sisi tumo katika Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Kijiji nacho kina nafasi. Watumia maji waweza kuunda jumuiya yao kwa sheria hiyo. Halmashauri ya Kijiji yaweza kuandika sheria ndogo ya kulinda kingo, isomwe mbele ya Mkutano wa Kijiji, kisha ikubaliwe na Halmashauri ya Wilaya. Kabla ya kukubaliwa haina nguvu ya kumtoza mtu hata senti moja.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuzuia kazi za kuharibu ndani ya meta 60 za ukingo. Mlimaji wa kando ya Lukuledi huuliza mahindi yake yataota wapi, maana udongo mwema ndio huo. Neno lake ni la haki, na afadhali alinene mkutanoni kabla karatasi haijapelekwa wilayani.