Wasifu wa marehemu: Karatasi ya msibani inavyoweza kuhifadhiwa maktaba

Ukienda kwenye ibada ya mazishi mkoani Singida, mara nyingi unapewa karatasi iliyokunjwa katikati: picha ya marehemu mbele, ndani ratiba na wasifu wake. Unasomwa, watu wanaelekea makaburini, na baada ya wiki ile karatasi imeshafungiwa maandazi.

Kwa wazee wengi hayo ndiyo maandishi pekee yanayoeleza maisha yao. Waliozaliwa kabla ya uhuru, wengi hawakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kifo cha RITA nacho hakisemi kwamba mzee alitoka Iramba akaenda kukata mkonge Tanga, akarudi, akahamia kijiji cha Ujamaa, akazaa watoto tisa kwa wake wawili. Wasifu unasema.

Marekani, Weusi ambao habari za vifo vyao zilikuwa haziandikwi sana magazetini walitunza karatasi hizi majumbani. Maktaba ya umma ya Auburn Avenue, Atlanta, ilizikusanya, na leo zaidi ya 3,000, za kuanzia mwaka 1886, zinasomwa bure mtandaoni.

Singida kuna maktaba ya mkoa, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kazi hii haihitaji mitambo mikubwa. Unatoa pini kabla hazijashika kutu, unaskani kwa dpi 300 au zaidi, nakala kuu inabaki TIFF, ya kusomwa kwenye simu inakuwa PDF.

Kinachokula muda ni faharasa. Mtu mmoja ana jina la ubatizo, jina la ukoo, na mtaani wanamwita Mama Fulani. Yote yaandikwe, la sivyo mjukuu hatampata. Mipaka nayo imebadilika: Mkalama ilimegwa kutoka Iramba na Ikungi kutoka Singida mwaka 2012, kwa hiyo wasifu wa miaka ya 1990 unaosema "Iramba" huenda unazungumzia Mkalama ya leo.

Kingine ni nani anaachwa nje. Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku hiyohiyo, na muda wa kuchapisha haupo. Familia isiyo na hela ya kuchapa inasoma kutoka kwenye daftari. Maktaba ikipokea karatasi za rangi tu, itabaki na kumbukumbu za wenye uwezo. Ukurasa wa daftari upokelewe, hata sauti iliyorekodiwa kwa simu.

Tahadhari ipo pia. Wasifu unataja watoto na wajukuu walio hai, wakati mwingine na namba za simu za kamati. Kwa kuwa sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, familia isaini ridhaa na namba zizibwe kabla ya kupandisha chochote mtandaoni.

Na tusidanganyane, wasifu huandikwa na walio hai. Kuna unaomruka mke wa kwanza, kuna unaomsahau mtoto wa nje. Maktaba inatunza kilichoandikwa, haithibitishi kuwa ni kweli. Ugomvi wa mirathi una mahakama yake.

Kama wasifu wa babu uko kwenye grupu la WhatsApp la msiba, upakue leo kabla grupu halijafutwa. Ukiwa na karatasi yenyewe, andika nyuma kwa penseli kijiji, kata na mwaka, kisha iweke kwenye bahasha kavu.