Fomula ya Kukua: Queen of Katwe na Mabinti wa Mara

Filamu ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair na kuoneshwa Toronto mwezi Septemba 2016, ilisifiwa kwa tahadhari. Wahakiki wengi waliona kuwa muundo wake umezoeleka mno: binti fukara wa Kampala, mwalimu mvumilivu wa sataranji, kushindwa, kisha ushindi. Waliisamehe kwa ajili ya uigizaji wa Lupita Nyong'o na Madina Nalwanga. Msamaha huo unachukulia kwamba fomula ni kasoro ya msanii tu.

Tarime na Serengeti zinaitia dhana hiyo mashakani. Miongoni mwa Wakurya, kukua kwa msichana kulikuwa na fomula yake kabla ya sinema: msimu wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, ngoma, zawadi na wembe. Sheria ya mwaka 1998 iliharamisha ukeketaji wa walio chini ya miaka 18, msimu haukukoma. Filamu ya hali halisi In the Name of Your Daughter (2018), ya Giselle Portenier, inawafuata wasichana wanaoukimbia na kuingia nyumba salama ya Rhobi Samwelly, Mugumu.

Phiona anamrudia mama yake kwa nyumba mpya. Binti wa Serengeti anarudi, kama anarudi, baada ya mzazi kutia saini ahadi ya kutomkeketa. Kwake, kuvunja fomula si suala la ujumi, na ahadi yenyewe hujaribiwa Desemba inayofuata, kamera zikiwa zimeshaondoka.