Nyuma kuna nini? Historia ya saiti mira ya bodaboda

Mpwa wangu anaendesha bodaboda Lulindi. Mwezi uliopita alinipigia simu nimtafutie saiti mira, kwa sababu moja ya kwake imevunjika na nyingine inajizungukia yenyewe kama feni.

"Shikamoo mjomba. Nataka zile ndogo za bluu, za umbo la jani. Hizi kubwa za mviringo ni za wazee."

Tumepishana miaka sita tu, lakini kwetu Masasi na Newala mambo yanajulikana. Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, mjomba ana neno lake kwa mtoto wa dada. Nikimnunulia kioo kisichoonyesha kitu, halafu lori likamkuta kwa nyuma, dada atakuja kuniuliza mimi. Basi nikaanza kuchimba: hiki kioo kilitoka wapi, na kwetu kiligeukaje kuwa pambo?

Mwaka 1909 Dorothy Levitt, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa akishindana kwenye mbio za magari, alitoa kitabu cha kuwafundisha wanawake wenzake kuendesha. Humo aliwashauri wabebe kioo kidogo cha mkononi, wakiinue mara kwa mara wachungulie nyuma. Tarehe 30 Mei 1911 Ray Harroun akaingia kwenye mbio za kwanza za maili 500 za Indianapolis, Marekani, akiwa peke yake garini. Wenzake walibeba fundi pembeni, na kazi mojawapo ya fundi huyo ilikuwa kugeuka na kumwambia dereva nani anakuja. Wakalalamika kwamba Harroun atawaua watu. Yeye akafunga kioo mbele yake, akaendesha saa sita na dakika zake, akashinda. Kichekesho ni kile alichokiri baadaye: uwanja ule wa matofali ulikuwa ukikitikisa kioo kiasi kwamba hakuona chochote ndani yake.

Kwa hiyo kioo kilikuja kuchukua nafasi ya mtu wa kugeuka. Sasa panda bodaboda yoyote huku kwetu. Kioo hakipo, au kimekunjwa ndani dereva ajitazame nywele, na abiria ndiye anayeulizwa: "Dada, nyuma kuna gari?" Tumerudi kabla ya 1911, tena kwa nauli yako mwenyewe.

Ni rahisi kusema vijana wakaidi. Mimi naona barabara zenyewe zina sehemu yake. Lulindi ni mahali pa zamani. Misheni ya Waanglikana ya UMCA ilikuwa na hospitali pale, na kuanzia 1935 daktari wake alikuwa Leader Stirling, yule Mwingereza aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania mwaka 1975. Kwa miaka mingi watu wa pande hizo walitembea kwa miguu, na mwenye uwezo alikuwa na baiskeli. Baiskeli haina injini, hivyo sikio lako liko huru. Lori la korosho ulilisikia likiwa bado kijiji cha pili, na ukiona vumbi lake unashuka pembeni unalisubiri lipite. Nani angehitaji kioo?

Halafu ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu waliokuwa wametawanyika mashambani wakahamishwa, na vijiji vingi vikapangwa kandokando ya barabara. Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Nyumba, duka, msikiti, kanisa na ghala la chama cha msingi, vyote viko hatua chache kutoka njia kuu. Maana yake anayebeba abiria anakata kona kuingia uani mara nyingi kwa siku, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, kila anapoingia kulia anakatiza mbele ya yule anayetaka kumpita.

Pikipiki za kwanza wengi wetu tulizozijua zilikuwa Honda na Yamaha za bwana shamba au padri. Miaka ya 2000 zikamiminika za Kichina, Toyo, SanLG, Fekon, nyingi zikiwa ndugu wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Msimu wa 2007/08 mfumo wa stakabadhi ghalani ukaanza kwenye korosho mkoani Mtwara, na msimu ukiwa mzuri vijana wakageuza korosho kuwa pikipiki. Jina la bodaboda lilikuwa limeshasafiri kutoka kwa waendesha baiskeli wa mpaka wa Kenya na Uganda, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki. Mwaka huohuo Daraja la Umoja likafunguliwa juu ya Ruvuma kuunganisha nchi na Msumbiji, na lami ikaendelea kusogea.

Kwenye lami lori halitimui vumbi. Dereva wa bodaboda mwenyewe kakata eksozi ili asikike, basi masikio nayo yamekwenda. Akiwa kapakia mishikaki, hata kugeuka shingo hawezi. Alichobakiwa nacho ni kioo, na kioo chenyewe anataka cha umbo la jani.

Nilizunguka maduka ya spea siku nzima. Ukubwa kwanza: kanuni namba 81 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vioo vya pikipiki, inataka eneo la kuakisi lisipungue sentimita za mraba 69, na cha mviringo kipenyo kisipungue milimita 94. Nilikuwa na rula (muuzaji alinitazama kama nimechanganyikiwa). Yale majani ya bluu hayakukaribia. Kuna vilivyo bapa na vilivyobinuka nje. Bapa huonyesha umbali kama ulivyo, lakini sehemu ndogo tu ya barabara. Kilichobinuka huonyesha upana mkubwa, ila lori huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo, na inabidi macho yazoee. Mimi nilichagua kilichobinuka. Shina nalo lina mtihani wake: likiwa fupi unaona bega lako na goti la abiria, likiwa refu sana injini ya silinda moja inalitetemesha na unabaki kama Harroun kwenye matofali yake.

Nusura nikosee kwenye uzi. Saiti mira ya kulia ya Yamaha nyingi ina uzi wa kinyume, ili ikigongwa kwa mbele ilegee na kuzunguka badala ya kujikaza na kuvunjika. Ya Kichina ya mpwa wangu inafungwa kawaida pande zote mbili. Muuzaji alikuwa ananipa pea ya Yamaha huku akisema, "Zinaingia tu, bosi, fundi atakaza." Fundi angekaza kweli, na tundu la usukani lingekwisha.

Nilipofika Lulindi, kijana alizitazama zile za mviringo akanyamaza kwa heshima. Tukafunga ya kulia. Akakaa kwenye pikipiki, mdogo wake akapanda nyuma, mimi nikatembea kutoka mbali nikija nyuma yao hadi aliposema ananiona mwili mzima. Tukakaza nati kwa spana. Nilipotoa ya kushoto mfukoni, akaingiza mkono ndani ya jaketi akatoa jani moja la bluu alilokuwa amekwishanunua mwenyewe Masasi.

"Mjomba, kulia ya kwako. Kushoto niachie."

Nikamwachia. Ya pili ameiweka ndani kwa dada, imetundikwa ukutani.